Pete nyekundu si uozo: kwa nini chupa yetu ya mbegu ya uyoga ni dola nne

Mama mmoja wa Bagira, hapa Bukavu, alikuja kuchukua chupa zake tano za mbegu ya pleroti, yaani mtama uliojaa nyuzi za uyoga huo wa kuliwa. Akaviona visahani vyetu vya kupimia kwenye rafu: katikati utando mweupe wa nyuzi za uyoga, pembeni yake pete ya rangi ya kutu. "Papa, hii imeoza. Ndiyo munayotuuzia?" Akadai pesa zake. Tulimrudishia. Si wa kwanza, ndiyo maana tunaandika pete ile ni nini, na kazi gani imo ndani ya bei ya chupa.

Pete ile ndiyo tunayoitafuta. Mabua, maganda ya maharagwe na maranda ya mbao ni magumu kwa sababu ya lignini, gundi inayoshikamanisha nyuzi za mmea. Pleroti huila kwa kumwaga nje vimeng'enya, hasa lakasi, kabla ya kunyonya chochote. Vimeng'enya havionekani kwa macho, kwa hiyo tunavipa kitu cha kubadilisha rangi. Tunachemsha viazi, tunachuja maji yake, tunatia sukari na aga, unga wa kugandisha, kisha gramu 0.2 za guayakoli kwa kila lita. Fungua kichupa chake utasikia harufu ya moshi wa kuni, maana guayakoli hutoka kwenye lignini kuni zinapoungua. Penye lakasi, inageuka nyekundu ya kahawia.

Si uzushi wetu. Bavendamm, Mjerumani, alieleza kipimo cha jamii hii mwaka 1928, akitumia asidi ya tanini.

Kila ukoo wa mbegu, yaani uzao wa uyoga mmoja, tunaupanda kwenye visahani vitatu, kipande kidogo kuliko punje ya harage, gizani, kwenye nyuzijoto 25 hivi. Kila asubuhi tunapima kwa rula upana wa utando na upana wa pete. Pembeni tunaweka kisahani kisicho na guayakoli, na kingine chenye guayakoli lakini hakikupandwa kitu. Hiki cha mwisho kikianza kuwa chekundu, tunamwaga visahani vyote vya siku ile. Ukungu mwingine nao hutoa lakasi, kwa hiyo rangi peke yake haitutoshi: tunatazama pia utando unavyotambaa na unavyonukia. Halafu ukoo unaingia kwenye mifuko ya maganda ya maharagwe, na tunapima uzito wa mavuno. Msimu mmoja wa mvua tulikuwa na ukoo uliowahi kuleta pete kuliko yote. Kwenye mifuko ulijaa upesi, ukazaa uyoga wa kuhesabika. Tuliutupa wote kwenye mboji, kazi ya miezi miwili, wala haujawahi kuingia kwenye chupa ya mteja.

Wengi wanatuuliza kwa nini tunatumia makala (mkaa) mengi hivi. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi. Sufuria ya wazi haiwezi kuua kila mbegu ya ukungu iliyo ndani ya mtama. Tunatumia sufuria ya presha, na kwa sababu ya mwinuko huu tunaiacha motoni muda mrefu kuliko vitabu vinavyosema.

Sasa njia ya mkato. Papa mmoja wa Kabare alinunua chupa moja tu, akawa anakata kipande cha mfuko wa zamani kupanda mfuko mpya, mpya ukizeeka anaukata tena. Mzunguko wa tatu, mifuko sitini haikujaa. Akatuletea kipande akisema mbegu yetu ilikuwa mbovu. Tulikipanda mbele yake, kando ya ukoo ule ule kutoka akiba yetu. Siku ya nne wetu ulikuwa na pete. Siku ya nane wake ulikuwa bado mweupe wa kufifia, na ukingoni kijani cha trikoderma, ukungu unaoharibu mbegu, kimeanza. Nyuzi zinazeeka, na kila mkato unaingiza uchafu mpya. Aliokoa bei ya chupa mbili, akapoteza maganda, mifuko, makala na wiki sita.

Wanaotuletea uyoga wa porini, tazameni kwanza gogo lenyewe. Likivunjika vipande vya kahawia kama matofali madogo, fangasi huyo anakula selulosi na kuiacha lignini, hatumhitaji. Likiwa jeupe, laini, lenye nyuzi, leteni kipande kikavu kwenye karatasi, si kwenye plastiki. Kukipima ni dola sita. Hata kikileta pete, hatutasema kinaliwa hadi tujue ni uyoga gani.

Kila chupa ina namba ya ukoo na tarehe. Ukitaka kuona kisahani cha mbegu yako, njoo na namba hiyo, tutakuwekea mezani pamoja na vipimo vyake. Mama wa Bagira, chupa zako tano tumezitunza kwenye friji hadi Ijumaa.