Kwa mnaoanza kusoma usasaleo

Wanangu,

Nimesikia mmeanza kusoma usasaleo, ule ambao wengine huuita baada-usasa, na Waingereza postmodernism, na kwamba wiki ya kwanza haijaisha wawili kati yenu wamekwisha gombana. Mmoja kasema hakuna ukweli. Mwenziwe kamuuliza kama hilo nalo ni kweli. Swali zuri, nitalirudia. Ila ugomvi wenu umenikumbusha ujana wangu, nilipomaliza kurasa chache za mwanafalsafa Mfaransa Jacques Derrida nikawa sisemezeki. Kila aliyefungua kinywa nilimkata kauli: "Ukweli wa nani huo?" Watu wakinyamaza, nadhani nimeshinda. Kumbe wamechoka tu.

Anzeni na usasa wenyewe, maana hamwezi kumwelewa anayepinga bila kujua anapinga nini. Tangu karne ya 18, wanafalsafa wengi wa Ulaya waliamini kwamba akili ikiachiwa ifanye kazi yake itamtoa binadamu ujingani na kumweka huru. Historia ina mwelekeo, na mwelekeo wake ni mbele. Wafuasi wa Marx walikuwa na ramani yao na watetezi wa soko huria yao, lakini wote walijiona wako safarini. Kisha karne ya 20 ikaleta vita viwili vya dunia, ikaleta na Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi wa Ujerumani, ambako reli, kemia na makaratasi ya ofisini, matunda yale yale ya akili yenye mpango, vilitumika kuua watu zaidi ya milioni moja. Baada ya hapo neno "maendeleo" lilikuwa gumu kutamkwa bila kusita.

Mwaka 1979 mwanafalsafa Mfaransa Jean-François Lyotard aliandika ripoti kuhusu hali ya maarifa, kwa ombi la baraza la vyuo vikuu la serikali ya Quebec, Kanada. (Hunichekesha kwamba andiko lililotia watu wengi wazimu lilianza kama ripoti ya serikali.) Humo alisema, akikiri kwamba anarahisisha mno, kuwa usasaleo ni kutoyaamini tena masimulizi makuu. Yasomeni maneno hayo polepole. Hakusema watu waache kusimuliana. Alisema lile simulizi moja linalojipa kiti cha hakimu juu ya mengine yote limepoteza waumini.

Kwa wasanifu majengo neno hili lilikuwa limeshavuma. Mwandishi wa historia ya usanifu, Charles Jencks, alidai usanifu wa kisasa ulikufa St. Louis, Marekani, mwaka 1972, yalipolipuliwa majumba ya Pruitt-Igoe. Akataja hadi saa na dakika ya kifo. Yalikuwa majumba 33 ya ghorofa 11, yaliyojengwa kwa imani kwamba mchoro mzuri utazaa maisha mazuri, na yalianza kulipuliwa hata kabla ya kutimiza miaka 20. Hadithi tamu, lakini msiimeze nzima. Wapo waliomjibu kwamba kilichoyaua majumba yale ni ubaguzi na ukosefu wa fedha za matunzo, si kalamu ya mchoraji. Mwenye kushuku masimulizi ya wenzake ashuku na yake.

Sasa Derrida, ambaye ndiye anayewatisha. Mwingilieni kwa mlango wa Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Katika mazungumzo yaitwayo Phaedrus, Socrates, mwalimu wake, anasimulia jinsi Theuth, mungu wa Misri, alivyompelekea mfalme uvumbuzi wake, yaani maandishi, akiyasifu kuwa ni dawa ya kumbukumbu. Mfalme akayakataa: watu wataegemea maandishi na kuwa wasahaulifu. Neno la Kigiriki lililotumika hapo ni pharmakon, nalo hubeba dawa na sumu kwa pamoja. Mfasiri hulazimika kuchagua upande mmoja, na akichagua tu, amekwisha amua kesi kwa niaba ya msomaji. Sisi wa Kiswahili tusijifanye wageni hapa: tuna dawa ya kikohozi na dawa ya panya, na neno ni lile lile.

Derrida aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1968. Hoja yake ni kwamba falsafa imejengwa kwa jozi, kusema na kuandika, akili na hisia, asili na nakala, na katika kila jozi mmoja hukalishwa juu ya mwenziwe. Kudengua, jina la njia yake ya kusoma, ni kuisoma matini kwa makini hadi uone yule wa juu anavyomtegemea wa chini. Plato anayalaumu maandishi, lakini lawama hizo zimetufikia kwa sababu aliziandika. Hiyo si kubomoa. Mbomoaji hahitaji kusoma.

Michel Foucault, Mfaransa mwingine, mtamwelewa upesi zaidi. Yeye huuliza: nani aliamua huyu ni mwendawazimu na yule ni mhalifu, na maarifa hayo yalimpa nani mamlaka juu ya nani? Msishangae mkisikia kwamba yeye na Derrida hawakulipenda jina hili mnalosomea.

Turudi kwenye ugomvi wenu. Aliyeuliza "na hilo ni kweli?" ana wenzake wazito. Mwaka 1980 mwanafalsafa Mjerumani Jürgen Habermas alisema usasa ni kazi ambayo haijakamilika, na kwamba wanaoutupa wanatupa pamoja nao kipimo cha kukosolea dhuluma. Mwaka 1996 mwanafizikia Alan Sokal alipenyeza makala ya upuuzi mtupu, iliyovikwa lugha ya usasaleo, katika jarida la wasomi, ikachapishwa. Aibu ile ilistahili.

Lakini mtazameni Lyotard mwaka 1983. Alianza kitabu kingine na mkanushaji wa mauaji ya Wayahudi, anayetaka aletewe mtu aliyeshuhudia kwa macho yake chumba cha gesi kikiua. Anayeweza kushuhudia hivyo ni aliyeuawa humo, na maiti hasemi. Lyotard hakusema basi tuache, kila mtu na ukweli wake. Alionyesha kwamba kanuni ya ushahidi iliyochaguliwa ndiyo inayomziba mdomo aliyedhulumiwa, na kwamba kimya chake kinadai kutafutiwa lugha. Kwangu mimi hapo ndipo penye kiini cha yote haya, na anayesema "hakuna ukweli" hajafika hapo bado.

Kwa kuanzia, someni ripoti ya 1979, ni fupi. Kabla ya Derrida someni Phaedrus yote, pamoja na kurasa za mapenzi mnazotaka kuziruka. Na kwa miezi mitatu ya kwanza msiandike neno "udenguzi" katika insha zenu; elezeni mlichokiona kwenye matini kwa maneno ya kawaida. Wale wawili wasome pamoja, kitabu kimoja, wakipokezana kusoma kwa sauti.

Mzee wenu