Fomu isiyochagulika kwa kibodi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu tunaotengeneza kurasa za wavuti.

Dada yangu haoni. Kompyuta huitumia kwa kibodi na kisoma skrini, programu inayomsomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini. Mwezi uliopita aliketi kando yangu akijaza fomu niliyoiunda mimi mwenyewe. Alipofika kwenye swali la kuchagua jibu moja, alibonyeza Tab mara tatu, akarudi nyuma, akatulia. "Mdogo wangu," akasema, "majibu nayasikia, ila hakuna cha kuchagua."

Kosa lilikuwa langu. Vitufe vya redio, yaani viduara vya kuchagulia ambavyo kivinjari huchora kando ya kila jibu, sikuvipenda. Nikaviondoa kwa "display: none", amri ya CSS (lugha ya kupamba kurasa), na kuchora viduara vyangu pembeni ya lebo, yaani maandishi ya jibu. Mwenye kipanya hakuona tatizo, kwa kuwa kubofya lebo kulitosha. Lakini amri ile haifichi kitufe machoni tu. Kibodi haikifikii tena, na kisoma skrini hakikitaji.

Nilirekebisha usiku uleule. Vitufe vya redio nimeviacha mahali pake, nikavivua sura ya kivinjari kwa "appearance: none" na kuvivika yangu: mduara, na nukta katikati inayotokea kwa ":checked", yaani kitufe kikichaguliwa. Nukta ni lazima, rangi pekee haitoshi, maana wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani. Kwa ":focus-visible" nimeweka mstari mnene unaokizunguka kitufe kilichofikiwa. Majibu yote ya swali yana "name" (jina la kundi) moja, hivyo mishale ya kibodi inahama toka jibu hadi jibu, na ukichagua hili lile linaachia, kama vitufe vya redio za zamani za magari, vilikotoka jina hili.

Lililobaki ni mzingo wa kitufe wa kijivu hafifu, ambao wateja huupenda mno. WCAG 2.1, mwongozo wa kuziwezesha kurasa zitumike na watu wenye ulemavu, uliotolewa mwaka 2018 na W3C, shirika la viwango vya wavuti, unataka mzingo huo utofautiane na mandharinyuma kwa uwiano wa mwangaza wa angalau 3 kwa 1. Wateja wauzoee mzingo mweusi. Na anayetaka kubadili rangi tu asivue chochote: "accent-color" ni mstari mmoja wa CSS, na tangu 2022 vivinjari vikubwa vyote vinaielewa.

Ndugu zangu, kabla hamjamkabidhi mtu fomu, wekeni kipanya kando mkaijaze yote kwa kibodi, toka swali la kwanza hadi kitufe cha kutuma. Mimi sikufanya hivyo, na aliyekwama ni dada yangu.

Mtengenezaji wa tovuti