Njia za mkonge na za bondeni zitengewe vibao vya baiskeli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie njia za baiskeli za mkoa wetu wa Tanga. Mimi ni fundi baiskeli, banda langu liko Ngamiani, na kuna swali ninaloulizwa kuliko hata bei ya tairi: "Fundi, nikitaka kutoka nje ya mji nikanyooshe miguu, nipite wapi nisikimbizwe na malori?" Huuliza mwalimu aliyenunua baiskeli ya gia baada ya daktari kumwambia sukari inapanda. Huuliza vijana wa vyuo. Siku hizi huuliza hata akina mama wanaokuja wawili wawili na baiskeli za mtumba za Japani, wananitaka niwashushie tandiko. Wote wanaijua barabara moja tu, ya Muheza kwenda Segera, na wote wanaiogopa. Wana haki. Ndiyo inayobeba mizigo ya bandari, matangi ya mafuta na mabasi ya Dar es Salaam na Arusha, na upepo wa basi likikupita karibu unatosha kukutoa kwenye lami.

Jibu langu ni kwamba njia tulivu zipo, tena nyingi, na hakuna haja ya kuzijenga upya. Zinataka kujulikana, kuwekewa vibao na kuachwa wazi.

Nimezaliwa kambi ya mkonge. Baba yangu alifanya kazi korona, yaani kwenye mtambo wa kusaga majani ya mkonge kupata nyuzi, na utoto wetu ulikuwa wa kuzurura katika njia za mashamba hata kabla sijajua kushika spana. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukapandwa Kikogwe karibu na Pangani, kisha ukasambaa mkoa mzima, na njia zikasambaa nao. Jani likishakatwa halifai kukaa muda mrefu kabla ya kuingia korona, kwa hiyo kila kitalu ilibidi kifikike kwa toroli au kwa trekta lililobeba majani mabichi, mzigo mzito kwelikweli. Chombo chenye mzigo wa namna hiyo hakipandi kilima kwa kukikabili uso kwa uso. Waliopima njia zile walizizungusha vilima na kuzilaza kwenye mikunjo ya mabonde. Anayefaidi leo ni mwendesha baiskeli: unapanda polepole bila pumzi kukukata, na unateremka bila kuchoma mipira ya breki.

Kwa mtu wa mjini anayeanza, mimi humwelekeza kaskazini. Toka alfajiri kwa barabara ya Horohoro, kipande kifupi tu, ukate kwenda Kiomoni kwenye mapango ya Amboni. Pale mto Mkulumuzi unapita chini ya majabali ya chokaa, na hata jua likipanda kivuli bado kipo. Ukitaka kuendelea, kuna njia za vijijini za kuelekea bonde la mto Sigi na bwawa la Mabayani, ambako ndiko yanakotoka maji tunayokunywa hapa mjini. Ni vilima vidogo vidogo, minazi, mihogo, watoto wa shule. Gari utakalokutana nalo ni pikapu ya mkaa au ya machungwa, na dereva wake kwa kawaida atakusalimu.

Upande wa kusini ndiko ninakokupenda zaidi. Barabara ya Pangani ina urefu wa kama kilomita 50, inapita Tongoni kwenye magofu ya msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo, inapita Kigombe, inateremka hadi mto wenyewe, na ng'ambo yake ni Bweni. Humo ndimo walimo walimu wetu wa njia, nao ni wachuuzi wa samaki. Samaki wakishuka ufukweni Kigombe, wachuuzi hufunga matenga kwenye kariya na kuingia bara nao kabla jua halijawa kali, kuvifuata vijiji vya Muheza ambako dagaa na vibua husubiriwa mlangoni. Hawa hawapiti barabara kuu hata kidogo. Wanapita katikati ya mkonge, wanajua drifti ipi, yaani kivuko cha chini kinachopitiwa na maji juu yake, hujaa maji, kichaka kipi kina nyuki, mti upi una kivuli cha kupumzikia, na mwinuko upi ni afadhali ushuke usukume. Mwanamume mwenye baiskeli ya Phoenix isiyo na gia, na samaki wa kutosha kuwalisha mtaa mzima mgongoni mwa baiskeli, hana sababu ya kuchagua njia mbaya. Halmashauri ikitaka ramani ya njia tulivu za Pangani na Muheza, isimtafute mtaalamu mbali. Ikae na wachuuzi watatu wa Kigombe, iwanunulie chai, iandike wanayosema.

Na upepo wao wanaujua. Wakati wa kusi, ukitoka Tanga kwenda Pangani unaupokea kifuani. Basi toka mapema, kabla haujaamka, na kurudi utasukumwa mgongoni. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka: unakwenda kama unaelea, na adhabu yote inakungoja jioni. Wateja wengi wanaorudi kwangu wakilalamika kwamba baiskeli ni nzito, baiskeli haina kosa. Walikwenda Pangani Januari na maji ya chupa moja.

Sasa niseme la Amani, kule juu Usambara ya Mashariki, maana ndiko kila kijana anakotaka kwenda, na ndiko kunakohitaji akili. Kutoka Muheza unaingia bonde la Sigi, na kwa muda mrefu njia ni ya upole. Wajerumani walijenga reli ndogo kutoka Tengeni hadi Sigi, na penye reli ya zamani mteremko haukuwa mkali. Ile nyumba ya stesheni masta pale Sigi ipo mpaka leo, Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani inaitumia kupokelea wageni, na getini unalipa kiingilio. Kutoka hapo mchezo hubadilika. Unapanda kwa kona juu ya kona ndani ya msitu hadi karibu mita 900 kutoka usawa wa bahari, kwenye bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1902. Miti ni mikubwa, hewa ni baridi, na barabara huwa na utelezi hata siku ambayo Muheza jua linawaka.

Kwa safari hii ushauri wangu ni wa kifundi. Kama baiskeli yako haina gia, njoo nikufungie friwili ya meno 22 badala ya 18. Utakwenda taratibu kwenye tambarare lakini utapanda ukiwa umekaa. Breki za vyuma za Phoenix zikilowa hazishiki, kwa hiyo kushuka Amani kwenye manyunyu ni kazi ya kutembea kwa miguu, na hakuna aibu yoyote kutembea. Usijaze upepo ukawa mgumu kama jiwe, kwa sababu kwenye kokoto gurudumu litarukaruka na kukupotezea uelekeo. Beba tyubu ya akiba pamoja na viraka, kwani njia za mkonge zina adui mmoja anayejulikana: mwiba mweusi wa ncha ya jani. Wakataji huziondoa ncha ili wafunge mizigo, na zinazoangukia njiani hupenya tairi jipya kama sindano ya kushonea magunia. Kwenye baiskeli za kutoka mashambani, pancha nyingi ninazoziba ni za mwiba huo.

Kuna na bonde la Lwengera, kutoka Korogwe kuelekea Magoma na Mashewa, Usambara ya Magharibi ikiwa mkono wako wa kushoto na ya Mashariki mkono wa kulia. Ni mbali kwa mtu wa Tanga mjini, ila ukipakia baiskeli kwenye basi hadi Korogwe utapata njia ndefu ya bondeni yenye milima pande zote mbili, na hutapanda mlima hata mmoja kati ya hiyo. Usiende masika. Udongo wa bondeni ukilowa hujaa kwenye madigadi hadi gurudumu linagoma kuzunguka.

Ndugu Mhariri, kinachonifanya niandike sasa badala ya kungoja ni kwamba njia hizi zinapotea huku tunaangalia. Lami ya Tanga kwenda Pangani ni jambo jema, na mie naifurahia: mgonjwa wa Kigombe atafika hospitali upesi, na samaki hawataoza njiani. Lakini lami ikija, magari huongezeka na mwendo huongezeka. Barabara mpya hunyooshwa, na kona za zamani huachwa pembeni. Kipande cha barabara kilichoachwa kikikaa misimu miwili ya mvua huota vichaka, mtu akapanda mihogo, na hapo hakuna tena njia. Vile vipande ndivyo vingekuwa njia bora kabisa ya baiskeli na ya watoto wa shule, tena tayari vimeshindiliwa na vina makalavati. Ninawaomba wanaosimamia ujenzi, kabla mkandarasi hajaondoa mitambo, waviunganishe na barabara mpya mwanzo na mwisho, na waweke mawe makubwa mawili kuzuia magari. Gharama yake haifiki hata ya kipande kidogo cha lami.

Mashambani nako kuna mageti. Kuna shamba moja ambalo watu wamepita tangu enzi za babu zao, sasa limefungwa mnyororo kutoka nguzo hadi nguzo, na mchuuzi na matenga yake analazimika kuzunguka hadi barabara kuu. Ninaelewa kwa nini wenye mashamba wanafunga. Mkonge unaibwa, miti inaibwa, na pikapu ikiingia usiku inatoka imejaa. Ila mwizi wa mkonge habebi kwa baiskeli mzigo wa kumtajirisha. Pembeni mwa kila geti iachwe nafasi ya mita moja, yenye nguzo imara. Baiskeli yenye mzigo itapita, pikapu haitapita. Hili halihitaji sheria mpya wala mkutano wa mkoa. Meneja na mwenyekiti wa kijiji wanaweza kulimaliza asubuhi moja.

Vibao vya kuelekeza njia ni jukumu la halmashauri zetu pamoja na TARURA, ambao tangu 2017 ndio wenye dhamana ya barabara za vijijini na mijini. Wapo watakaosema kwamba njia za baiskeli ni anasa ya Wazungu. Mwaka jana alipita mgeni kwenye banda langu, ametokea Horohoro na anakwenda Dar es Salaam, spoku zimekatika gurudumu la nyuma. Wakati naziweka alinieleza kwamba kwao Ufaransa kuna njia ya baiskeli inayoufuata mto Loire, kama kilomita 900, na kwamba sehemu yake kubwa inapita barabara ndogo zilizokuwepo na juu ya matuta ya kuzuia maji ya mto. Walichofanya zaidi ni kuchagua, kuunganisha na kuweka vibao. Watu hutoka nchi nyingine kuja kuendesha pale, wanalala vijijini, wanakula vijijini. Nikamwambia sisi tuna Pangani, unaokusanya maji ya Kilimanjaro na Meru na kuyafikisha baharini hapa kwetu, na tuna Sigi unaotoka msitu wa Amani. Akauliza ramani iko wapi. Sikuwa na cha kumpa, nikamchorea nyuma ya boksi la tyubu.

Lakini hata asije mgeni yeyote, watumiaji wa njia hizi ni wengi tayari: mchuuzi wa samaki, mgema, binti anayesoma sekondari umbali ambao nauli ya bodaboda ya kila siku wazazi hawaimudu, na mama anayepeleka machungwa gulioni Muheza. Njia yenye kivuli isiyo na malori kwao ni usalama wa maisha, na wangestahili vibao hivyo hata kama hakuna hata mtalii mmoja.

Kibao chenyewe kiwe cha bati nene lililopakwa rangi, kwa sababu cha mbao huliwa na mchwa na cha alumini huuzwa chuma chakavu. Kiandikwe jina la kijiji kinachofuata, kilomita zilizobaki, mahali penye kisima, na drifti za kuepuka wakati wa masika. Cha kwanza kiwekwe njia panda ya Kiomoni, maana pale mapango tayari huleta watu, na wengi wao hugeuza na kurudi mjini bila kujua kwamba njia ya bonde la Sigi inaanzia hapohapo. Rangi na brashi nitatoa mimi.

Fundi Baiskeli,
Ngamiani, Tanga