Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Uwanja Wetu wa Ndege wa Vita, Maktau

Wanachama wenzangu hamjambo. Mwaka ndio huo umeisha na lazima niwaeleze tumefika wapi.

Pesa siongei sana, mweka hazina atasoma mwenyewe mkutanoni, ila wale hamjalipa ada tafadhalini lipeni, mafuta ya kupeleka wazee saiti si ya bure.

Kazi kubwa ilikuwa kufyeka vichaka pale saiti, uwanja wa ndege wa Waingereza wa Vita vya Kwanza vya Dunia hapa kwetu Taita-Taveta. Mara ya pili tulipata tembo wamepita usiku na vigingi vyetu vyote viko chini, ikabidi tuanze upya. Siku hiyo hiyo kijana mmoja mchungaji akatuletea mkebe wa nyama wa zamani ameuokota kichakani, umeliwa na kutu mpaka ukiushika unabaki na unga mwekundu mkononi. Niliushika nikanyamaza kabisa.

Kwa wale wapya: Wajerumani walichukua Taveta Agosti 1914 wakawa wanatuma watu kulipua reli ya Mombasa, ndio Waingereza wakajenga reli kutoka Voi kuja huku, ikafika Maktau 1915, maji wakayavuta kwa bomba kutoka Bura, alafu zikaja ndege za Caudron za jeshi lao la majini. Mapema 1916 kikosi cha 26 cha Royal Flying Corps, yaani kikosi cha anga cha jeshi la Uingereza, marubani wengi wa Afrika Kusini, kikakaa hapo mbele Mbuyuni na ndege za BE2c. Mbao na kitambaa jamani, kwa hili jua letu! Na hata kuwa na ndege hakukutosha, kwa sababu kwenye kilima cha Salaita tarehe 12 Februari 1916 mizinga ya Waingereza ilikuwa inapiga kileleni wakati Wajerumani na askari wao wako kwenye mahandaki huku chini, Waafrika Kusini waliopigana upande wa Waingereza wakarudishwa nyuma vibaya sana.

Sasa kinachoniuma mimi ni hiki. Pale Voi makaburi ya wanajeshi yana mawe na majina, Luteni Dartnell wa jeshi la Uingereza aliyepewa Victoria Cross, nishani yao kubwa kabisa ya ushujaa, kwa mapigano ya karibu na hapa Maktau, 3 Septemba 1915, analo lake na anastahili. Lakini waliobeba maji, risasi na unga vichwani wako wapi? Wale wa Carrier Corps, kikosi cha wabebaji wa Waingereza, ndio wameacha jina Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar, walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa magonjwa tu, na hawana jiwe. Na ndugu zetu wa Kasigau, 1915 walishukiwa kusaidia Wajerumani wakahamishwa mpaka Malindi, wengi wakafia huko. Bibi mmoja tuliyemrekodi mwaka huu alisema babu yake hakuwahi kutamka neno vita, yeye alikuwa anasema tu "wakati wa kubeba". Nimeirudia hiyo rekodi sijui mara ngapi.

Kibao cha uwanja bado. Ofisi tuliyoahidiwa kibao inatuzungusha tangu mwaka jana, njoo kesho njoo kesho, kwa hivyo kamati inapendekeza tuchonge wenyewe, na maneno yaanze na wabebaji kabla ya ndege. Mtapiga kura.

Basi mkija mkutanoni njooni na majina ya babu zenu waliobeba, hata kama ni jina moja tu bila la baba, katibu atakuwa na daftari hapo mlangoni.