Barua kwa wazazi na walezi: kufunga muhula wa kwanza na kumkumbuka Mama Mpishi

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi,
Wilaya ya Mufindi, Mkoa wa Iringa.
Juni, 2025

Ndugu mzazi/mlezi,

YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA NA KUMKUMBUKA MAMA MPISHI WETU

Kamwene. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Shule inafungwa Ijumaa. Fomu ya maendeleo ya mtoto wako imo ndani ya bahasha hii. Isome, weka saini, irudishwe siku ya kufungua. Maandalizi ya Darasa la Saba kwa mtihani wa Septemba tutayazungumza kwenye kikao cha wazazi mwezi Julai, kwa hiyo hapa siyagusi. Safari hii nimeona barua imhusu mtu mmoja.

Mnajua kwamba mwezi Aprili tulimzika mpishi wetu. Wengi mlikuwepo msibani. Lakini wapo wazazi waliokuwa mbali, kwenye mashamba ya chai, kwenye kambi za mbao, au Dar es Salaam wakitafuta riziki huku watoto wakilelewa na bibi, na tangu siku ile wamekuwa wakinipigia simu. Mtoto analia usiku. Mtoto anakataa kula shuleni. Nimwambieje, mwalimu? Familia imeridhia niandike, ila imeomba nitumie jina walilompa watoto wenyewe, Mama Mpishi. Mume wake amesomewa barua hii yote kabla haijatoka.

Naanza na kazi yake, maana imewalisha watoto wenu miaka mingi na wengi wenu hamkupata nafasi ya kuiona ikifanyika. Saa kumi na moja alfajiri moto ulikuwa umeshawaka. Mnaijua Mufindi ya Juni na Julai: ukungu hauachii hadi saa nne, na zipo asubuhi ambazo umande unaganda mpaka majani ya chai yanababuka. Mtoto aliyetembea kilomita tatu katika hali hiyo akiwa na kandambili anahitaji uji wa moto kabla hajahitaji hesabu. Nasema hivyo mimi ninayefundisha hesabu.

Maharage aliyaloweka tangu jioni. Asubuhi alimwaga maji yale na kuyabandika kwa maji mapya. Siku moja alinifuata ofisini na swali: kwa nini maharage ya gunia lile lile, akiyapika kwa binti yake Ifakara yanaiva mapema kuliko hapa, wakati kuni za huku ni kavu na nzuri zaidi? Nilimwomba aje aliulize swali hilo Darasa la Sita kwenye kipindi cha Sayansi. Alikuja na kanga yake kiunoni, akasimama mbele ya watoto na kulieleza vizuri. Watoto wakakisia: ni maji, ni kuni, ni sufuria. Kumbe yote hayo yeye alishayachunguza. Hata sufuria yake aliwahi kusafiri nayo hadi Ifakara. Alikuwa ameufanya uchunguzi wa kisayansi bila kuambiwa na mtu. Ndipo tukafika kwenye jibu. Huku kwetu tuko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo, na maji yanachemka yakiwa kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100. Yanatokota vilevile, lakini hayana joto la maji ya kule bondeni, na kuongeza kuni hakuyapandishi. Kinachosaidia ni kuloweka, kufunika vizuri, na kuyapa muda. Tangu siku hiyo aliacha kusukumia kuni nyingi jikoni na akawa anaweka jiwe juu ya mfuniko. Darasa lile lilipokutana na swali la kuchemka kwa maji kwenye mtihani, hakuna aliyehangaika.

Hesabu za chakula nazo alizijua kuliko sisi walimu. Mtoto mmoja anapata gramu 150 za mahindi na gramu 30 za maharage kwa siku, na mwaka wa masomo una siku 194. Zidisha: ni kilo 29 za mahindi na karibu kilo 6 za maharage. Ndiyo maana kamati ya shule inawaomba debe moja na nusu la mahindi na kilo sita za maharage kwa kila mtoto kwa mwaka. Mizani ya jikoni ilipoharibika aliendelea na bakuli lake, na kila tulipohakiki bakuli lile kwenye mizani ya duka, gramu zilikuja zile zile. Alitupa taarifa ya stoo kupungua wiki nyingi kabla, na kwa hiyo hapakuwa na siku watoto walifika wakakuta jiko limelala.

Unga aliutaka wa dona, yaani wa mahindi yasiyokobolewa, kwa kuwa una virutubisho zaidi. Wapo waliolalamika kwamba ugali wa shule ni mweusi, nao niliwaita waje wamsikilize mwenyewe. Alikuwa na sababu iliyomkaa moyoni. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika mkoa wetu wa Iringa, watoto wapatao 57 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi nzima ni 30. Njombe na Rukwa, wenzetu wenye maghala yaliyojaa, wako kwenye 50. Niliposoma takwimu hizo kwenye kikao cha wazazi, yeye alikuwa amesimama nyuma karibu na mlango. Baada ya kikao alinifuata akataka nimwandikie zile namba kwenye karatasi. Karatasi ile aliibandika jikoni, na bado ipo.

Alichokielewa haraka ni kwamba mtoto anayefika kwetu ana miaka sita au saba, na udumavu umeshafanya kazi yake katika siku elfu moja za mwanzo, tangu mimba hadi mtoto anapofikisha miaka miwili. Kwa hiyo akaanza kuwaandama kina mama wanaoleta wanafunzi wakiwa na mwingine mgongoni. Aliwaeleza kwamba mahindi tunayo, viazi tunavyo, shida ni mtoto mchanga kupewa uji mweupe mtupu asubuhi na ugali jioni huku mama yuko shambani kutwa. Aliwaonyesha kukaanga soya kabla ya kuisaga, kwa sababu soya mbichi inasumbua tumbo na kuuzuia mwili kutumia protini yake. Aliwaonyesha kutwanga dagaa na karanga kwa uji wa mtoto aliyeanza kula. Hakuna aliyemtuma wala kumlipa kwa hilo. Wapo kina mama wa kijiji hiki ambao watoto wao wamekuwa kwa sababu ya maneno yaliyosemwa dirishani pa jiko letu, na naamini wenyewe mkisoma hapa mnajijua.

Sasa niseme juu ya nyumba yake.

Mume wake aliumia mgongo kwenye kazi ya mbao wakati watoto wao bado wadogo. Anakaa, anatembea kwa fimbo hatua chache, kuinama hawezi. Mama Mpishi alirudi nyumbani kila mchana baada ya kugawa chakula, akamsaidia kuoga na kumtoa juani, kisha akarejea kuosha masufuria. Jioni alimpelekea ungo na maharage ya kesho, wakakaa pamoja na taa, mmoja akichambua na mwingine akiyaloweka. Kwenye daftari la jiko aliomba jina la mume wake liandikwe kama msaidizi, na mjumbe mmoja alipouliza kwa nini, alijibu kwamba kila jiwe lisilovunja jino la mtoto hapa shuleni limetolewa na mkono wa yule mzee. Jambo lolote la nyumba halikuamuliwa mpaka yeye amesema. Nimewaona watu wengi wakiuguza. Sijaona anayemuuguza mwenzake huku akimtunzia hadhi yake kiasi kile.

Aliwazaa wanne, akawalea na wawili wa marehemu dada yake. Mkoa wetu na Njombe tunajua UKIMWI ulivyotuachia yatima, na karibu kila ukoo hapa una bibi au shangazi aliyeanza kulea upya. Kwake wote walikuwa sita. Sisi walimu tulijua wawili si wa tumbo lake siku tu tulipohitaji vyeti vya kuzaliwa. Wakubwa wanajitegemea. Mdogo bado yuko kwetu hapa, na nawaomba wazazi wenye watoto wanaosoma naye mwendelee kumkaribisha kama mnavyofanya.

Urafiki wake ulikuwa wa vitendo. Mwalimu kijana alipangiwa kwetu kutoka Lindi, akashuka kwenye basi mwezi Julai na shati la mikono mifupi. Jioni ile ile Mama Mpishi alimpelekea blanketi, jiko la mkaa na maneno ambayo narudia kwenu sasa kwa sababu baridi imeingia: ukishapika, toa jiko nje ndipo ulale. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu wanalala wasiamke. Tafadhali wakumbusheni watoto na wazee wa nyumbani.

Wasichana wakubwa walimpelekea mambo ambayo waliona aibu kumwambia mwalimu. Nyuma ya ndoo ya chumvi alikuwa na pedi na kanga safi, na msichana aliyepatwa ghafla aliondoka jikoni amejisitiri na kurudi darasani bila wavulana kujua. Kwenye VICOBA yao wenzake wananiambia alikuwa wa kwanza kuleta hisa na wa mwisho kukopa. Nami alinitia moyo mara nyingi, kwa maneno machache, katika siku ngumu za kazi hii.

Siku ya mazishi watoto walikula kwanza. Kina mama wa Darasa la Tatu walikuja alfajiri bila kuitwa, wakawasha moto, wakapika uji, na baada ya hapo ndipo tukaondoka kwenda kumsindikiza. Wanafunzi wake wa zamani walitoka Makambako, Njombe mpaka Dodoma. Kwaya yao iliimba hadi kaburi likafunikwa. Nawashukuru wote mlioleta unga, kuni na rambirambi. Daftari la michango liko ofisini wazi, na kila kilichokusanywa kimekabidhiwa kwa familia mbele ya kamati.

Nirudi kwa waliouliza wamwambie nini mtoto. Mwambie amefariki. Tumia neno hilo. Tuna mtoto wa Darasa la Kwanza aliyeambiwa Mama Mpishi amelala, akawa anaogopa kulala mwenyewe, na mwingine aliyeambiwa amesafiri akawa anaangalia kila basi linalosimama. Mtoto mdogo analichukua neno kama lilivyo. Atauliza tena na tena. Mjibu vile vile kila mara, kwa utulivu. Akilia, mwache alie ukiwa karibu naye. Akicheka na kucheza saa ile ile, usimgombeze kwamba hana huzuni, huzuni ya mtoto huja na kwenda. Akikataa chakula cha shule, walimu wa malezi wanamkalisha na rafiki yake bila kumlazimisha, na wengi sasa wanakula. Kama usingizi au kula vinaendelea kusumbua hadi likizo iishe, njoo tuongee, mlango wangu uko wazi siku yoyote.

Kuhusu jiko: msaidizi wake, aliyepika naye miaka yote, ameridhia kuliongoza, na kamati itatafuta wa pili. Utaratibu hautabadilika, dona, kuloweka na vipimo vyote vinabaki. Mume wa marehemu ameomba aendelee kuchambua maharage ya shule nyumbani kwake, na kamati imekubali, sasa kwa posho. Wanafunzi wa Darasa la Saba watakuwa wanampelekea gunia kila Jumamosi.

Mavuno yameanza. Mahindi ya mchango yaletwe kuanzia wiki ya kwanza ya Julai, yakiwa yamekauka vizuri juu ya turubai, si chini kwenye udongo, na yaliyooza au yenye ukungu yatolewe kabisa kwa sababu ukungu ule una sumu ambayo kupika hakuiondoi. Asiye na mahindi aje tuelewane. Hakuna mtoto atakayenyimwa bakuli kwa sababu ya mchango. Na kila mtoto arudi na sweta.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu Mkuu