Barua kwa vijana mnaopima viwanja Dodoma

Wanangu wapimaji na maafisa mipango miji, hamjambo. Mnivumilie leo, nimekasirika.

Mtaani kwetu kulikuwa na njia ya miguu, watoto wanapita kwenda shule, kina mama wanapita na mabeseni ya mchicha kwenda soko la Sabasaba. Mmepima kiwanja juu yake, mwenye hela kajenga ukuta mpaka kwenye bikoni, lile jiwe la mpaka, sasa watoto wanajipenyeza kati ya ukuta na minyaa na wiki hii mjukuu wangu karudi jicho limevimba kwa utomvu. Wakikwepa hapo wanazunguka barabara ya lami, na malori ya Singida mnayajua yanavyokimbia. Nikamuuliza kijana mwenye mashine ya kupimia, akanijibu kwa heshima zote, "Mzee, kwenye ramani hiyo njia haipo." Haipo! Udongo umekanyagwa mpaka umekuwa mgumu kama sakafu, yeye anaangalia karatasi.

Mmesoma nyie, nendeni mkaangalie ule mpango wa mji wa 1976 waliouchora Wakanada, mtembea kwa miguu alitangulia, halafu basi, gari la mtu binafsi likaja nyuma. Leo kila mkutano habari ni barabara za njia nne na mataa, na sisi wenyewe tunapiga makofi. Treni ya umeme inatuleta kutoka Dar kwa masaa kama manne hivi, safi kabisa, naipanda, ila mtoto wa darasa la pili hana pa kupita. Halafu aliyezibiwa njia mara nyingi ni mpangaji, kwenye kikao cha mtaa hata haitwi.

Mengine nawatajia tu maana mnayajua. Korongo likikauka bado ni korongo, msiweke kiwanja. Mama wa genge apewe nafasi humo humo mtaani. Kioski cha maji kiwe karibu na wapangaji. Na maji ya visima vya Mzakwe tunayokunywa jijini yanatoka ardhini, yanajazwa zaidi na miaka ya mvua kubwa kubwa, sasa nyie kila uwanja mnataka pevingi, mvua haizami, sensa ya 2022 tulishapita laki saba jijini, tutakunywa nini?

Mkija kupima huku bondeni njooni saa kumi na mbili asubuhi. Saa tatu watu wote wameshapita, mtaona pori tupu mtagonga bikoni.