"Best before" si sawa na "use by"

Mhariri,

Kila bidhaa zinapokamatwa madukani, magazeti huandika kwamba "zimeisha muda wake wa matumizi", basi. Hayasemi pakiti zilikuwa na tarehe ya aina gani, ingawa Kiingereza cha vifungashio kina maneno mawili yenye kazi tofauti kabisa.

"Use by" ni tarehe ya usalama. Huwekwa kwenye vyakula vinavyoharibika upesi: maziwa freshi, nyama ya kusaga, samaki wa moshi. Ikipita, usile hata kama hakinuki. Pua haisaidii hapa, kwani bakteria kama listeria huzaliana hata ndani ya friji bila kubadili harufu wala ladha. Tena tarehe hiyo hutegemea ubaridi wa kama nyuzijoto 5 au chini yake. Maziwa yaliyokaa juu ya kaunta kwa Mangi tangu asubuhi hayana tarehe ya kuaminiwa. Umeme ukikatika, friji lisilofunguliwa hushika ubaridi saa 4 hivi tu.

"Best before" inahusu ubora: ladha, rangi, ukavu wa biskuti. Huonekana kwenye tambi, mchele na vyakula vya makopo. Ikipita, na kifungashio kikiwa kizima na kilikaa pakavu, mara nyingi chakula bado kinalika. Uingereza, kuuza chakula kilichopita "use by" ni kosa la jinai. Kilichopita "best before" kinaruhusiwa maadamu ni salama. Ila tarehe hii nayo haimlindi anayehifadhi vibaya. Kwa unyevu wa Dar, unga ulioegemezwa ukutani huota ukungu mapema, na kuusonga ugali hakuondoi sumukuvu. Kopo lililovimba litupwe hata likibakiza mwaka mzima.

Wengi hujikwaa kwenye maziwa ya boksi. Yamechemshwa kwa nyuzijoto 135 au zaidi kwa sekunde chache, yakafungwa bila vijidudu kuingia, ndiyo maana hukaa miezi nje ya friji. Ukishakata boksi, tarehe iliyochapishwa haina kazi tena: yaweke kwenye friji, uyamalize ndani ya siku 3 hivi.

Kuhusu EXP (kifupi cha "expiry", yaani kuisha muda) iliyojaa kwenye bidhaa za Kariakoo, viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex vilivyorekebishwa 2018 vinaiweka kundi moja na "use by". Kwenye dawa, EXP 08/2026 humaanisha mwisho ni Agosti 31. Na bidhaa za Marekani hutanguliza mwezi, hivyo 04/09 ni Aprili 9, si Septemba 4. Muuzaji naye mara nyingi hajui hilo.

Waandishi wenu wakiripoti msako mwingine, tunaomba wanukuu neno lililochapishwa kwenye pakiti, pamoja na aina ya chakula.

Wakaguzi wa vyakula,
Ilala, Dar es Salaam